Kabla Hujalipia Farasi wa Ziada

Mnunuzi akishasema "nataka Vitz", bado hajachagua gari. Jina hilo moja liko nyuma ya gari lenye injini ya cc 996 na nguvu ya farasi 71, liko nyuma ya lenye cc 1,296 na farasi 87, na liko nyuma ya RS yenye cc 1,496 na farasi 110. Hayo ni matoleo ya kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2005, ambacho bado kimejaa barabarani kwetu. Bodi ni ileile, lakini ni magari matatu yenye tabia tatu. Hali ni hiyohiyo kwa anayetaka Subaru Forester: 2.0X na 2.0XT za kizazi cha tatu ukiacha tundu la boneti zinafanana mpaka kwenye vitasa vya milango, ila moja ina farasi 148 na nyingine, kwa msaada wa turbo, ina 230.

Hapo ndipo hela nyingi hupotea. Mtu anajinyima miezi kadhaa ili apande toleo la juu ambalo kwa safari zake hatalitumia hata nusu. Mwingine anabana matumizi, anachukua toleo dogo, kisha kila mwisho wa mwezi analijaza watu watano na kulikimbiza nyumbani Njombe.

Msimamo wangu ni huu: anza na toleo jepesi kabisa, kisha panda daraja pale tu unapoweza kutaja barabara, mzigo au mlima unaokudai nguvu zaidi. Usipoweza kuutaja, hiyo nguvu huihitaji, na uzito unaokuja nayo utaulipia kila siku.

Kwa nini cc 996 na si 1,000

Kwanza tuelewe matoleo haya yametoka wapi. Namba za 996 na 1,496 za Vitz, na 1,994 ya Forester, zimekaa chini kidogo tu ya 1,000, 1,500 na 2,000 kwa sababu Japani hutoza kodi ya gari ya kila mwaka kwa kufuata ukubwa wa injini, na mipaka ya madaraja yake iko hapo. Mtengenezaji huikata injini ikae ndani ya daraja. Kwa hiyo toleo dogo halikutengenezwa kama gari la maskini lililopunguzwa kila kitu. Lilitengenezwa kwa ajili ya Mjapani anayekwenda kituo cha treni na sokoni, peke yake au na mtu mmoja, kwenye lami nzuri. Ukijua lilikusudiwa nini, utajua uliombe nini na usiliombe nini.

Mipaka hiyo inatugusa na sisi. Tanzania ushuru wa bidhaa kwa magari umekuwa ukipangwa kwa cc: gari lisilozidi cc 1,000 halitozwi, linalozidi hapo hadi 2,000 hutozwa asilimia 5, na linalozidi 2,000 asilimia 10, mbali na nyongeza ya uchakavu kwa magari yenye miaka 8 na kuendelea. Kenya nayo imekuwa ikitumia mpaka wa cc 1,500, na hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8. Viwango hubadilika bajeti hadi bajeti, kwa hiyo piga hesabu ya mwaka huu kabla ya kutuma hela yoyote Japani. Kinachodumu ni kanuni: cc chache za ziada zinaweza kukuvusha daraja la kodi, nawe ukalipa kwa kitu ambacho mguu wako hauwezi hata kukihisi.

Nguvu haiji peke yake

Injini yenye nguvu zaidi kwa kawaida ni nzito zaidi. Ikishakuwa na nguvu, inahitaji gia imara zaidi ili meno yasikatike, breki kubwa zaidi ili kasi iweze kuzuiwa, rejeta kubwa zaidi kwa ajili ya joto, tairi pana zaidi ili nguvu ifike chini, na springi ngumu zaidi za kubeba vyote hivyo. Kila kimoja kinaongeza kilo. Kilo zikiongezeka, sehemu ya nguvu uliyoinunua inatumika kuzibeba. Ndiyo maana farasi wa kwenye karatasi huwa wengi kuliko wale utakaowahisi ukiwa nyuma ya usukani.

Tutazame Vitz. Toleo la cc 1,000 lina uzito wa takribani kilo 980, la 1,300 takribani 1,020, na RS karibu 1,050. Tofauti ya kilo 70 kati ya la chini na la juu ni sawa na kumbeba mtu mzima mmoja asiyeshuka kamwe. Kwa gari la aina hii tofauti hiyo si kubwa, na hilo ni jambo la kuzingatia, maana farasi wamepanda kwa zaidi ya nusu huku uzito ukipanda kwa asilimia 7 tu. Mambo huwa magumu zaidi pale mtengenezaji anapoongeza turbo na kipozea hewa, au anapopeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne.

Sehemu kubwa ya uzito huo wa ziada hukaa mbele, juu ya tairi za mbele. Toleo jepesi huingia kona kwa wepesi, usukani wake hauchoshi kwenye maegesho ya Kariakoo, na pua yake haizami sana ukikanyaga breki ghafla. Madereva wengi waliozoea magari makubwa hushangaa jinsi gari dogo la farasi 71 linavyochangamka mjini. Sababu yake ni wepesi.

Uzito hulipwa kila siku

Nguvu ya ziada unaitumia unapolipita lori, unapopanda mlima, au unapoharakisha kuingia barabara kuu. Kwa mtu wa mjini hizo ni dakika chache kwa wiki. Uzito haupumziki. Kwenye foleni ya Mwenge au Thika Road, kila unaposogea mita 20 na kusimama, injini imetumia mafuta kuuondoa uzito wote mahali ulipokuwa, na breki imeigeuza kazi hiyo kuwa joto. Ukisogea tena unaanza upya. Gari likizidi kwa asilimia 10, kazi ya kila mwondoko inazidi kwa asilimia 10. Hii ndiyo sababu gari jepesi hung'ara zaidi mahali penye foleni.

Breki zinafuata hesabu hiyohiyo. Tairi nazo zina hesabu yake: toleo la kawaida huvaa rimu ya inchi 14 yenye tairi la ubavu mrefu, wakati toleo la juu huvaa rimu kubwa yenye tairi pana la ubavu mfupi. Ubavu mrefu hulainisha mashimo na hulinda rimu. Ubavu mfupi hupendeza, lakini kwenye barabara ya mtaa iliyochimbika pigo linafika moja kwa moja kwenye bushi, boljoint na shokamzoba. Tairi la saizi ndogo huwa rahisi kupatikana na bei yake huwa ya chini. Kabla ya kulipia toleo la michezo, ulizia bei ya tairi zake nne mpya. Jibu hilo pekee limewabadilisha wengi mawazo.

Bima kubwa nayo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Toleo la bei ya juu linaendelea kukudai kila mwaka unapokata bima, hata likikaa gereji.

Mlima ndio mwamuzi

Hadi hapa toleo jepesi linashinda. Sasa tuseme kweli kuhusu mahali linaposhindwa, kwa sababu hapo ndipo maisha ya watu yanapohusika.

Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na hewa hupungua kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari. Kadiria hasara ya asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa unapata farasi wote. Nairobi na Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, umepoteza kama asilimia 17. Timboroa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, uko juu ya mita 2,700, na zaidi ya robo ya nguvu imeshaondoka. Farasi 71 wa kwenye karatasi, kwa mkazi wa Nairobi ni kama 59 kila siku ya maisha ya gari hilo. Ushauri unaomfaa mtu wa Temeke, kule pwani, unaweza kumwumiza mtu wa Limuru, kule juu.

Sasa chukua Vitz ya 1,000, weka watu wazima wanne na mizigo, jumla iwe kama kilo 1,330. Uko kwenye mita 1,700, mlima una mwinamo wa mita 6 kwa kila 100, unakwenda kilometa 65 kwa saa, na kiyoyozi kimewashwa. Kwa hesabu ya makadirio, kuinua uzito huo tu kunakula farasi 19, upepo na msuguano wa tairi vinakula kama 7. Injini, hata ikizungushwa mpaka mwisho, baada ya kimo, kiyoyozi na hasara ya gia inafikisha chini kama farasi 47. Kinachobaki cha kuongezea mwendo ni farasi 21. Fanya hesabu hiyohiyo kwa 1,300, wanabaki kama 31. Kwa RS ya 1,500, wanabaki kama 47.

Rudia kuzitazama namba hizo. Kwenye karatasi, 1,500 inaizidi 1,000 kwa asilimia 55. Mlimani ukiwa na mzigo, nguvu inayobaki kwa ajili ya kulipita gari lingine ni zaidi ya mara mbili. Mlima unachukua sehemu yake kwanza, ndipo dereva anapewa salio. Na mwenye kidogo ndiye anayebaki na salio dogo zaidi. Kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, kwenye mlima wa Kitonga, ambako malori hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, salio hilo ndilo linaloamua utakaa upande usio wako kwa sekunde ngapi.

Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia kwamba injini ndogo siku zote inakula kidogo. Ikijazwa na kukimbizwa kwenye barabara kuu, mguu unakuwa chini muda wote, mlio unapanda, na ile faida ya mafuta uliyoipata mjini inayeyuka. Gari la 1,300 lililojaa, likipanda taratibu bila kukamuliwa, linaweza kutumia mafuta yaleyale ya 1,000 inayokamuliwa. Kwa familia inayosafiri mikoani mara kwa mara, naona toleo la katikati ndilo lenye akili zaidi: uzito umeongezeka kidogo sana, na salio la mlimani limeongezeka kwa karibu nusu.

Turbo ni mkataba wa matunzo

Rudi kwa Forester. Turbo hulisha injini hewa kwa nguvu, kwa hiyo kimo hakiisumbui kama inavyoisumbua ile ya kawaida. Nyanda za juu hilo ni jambo la maana, na ni moja ya sababu XT inapendwa sana Kenya. Sitakubeza ukiitaka. Nitakutaka tu ujue unasaini nini.

Fungua boneti ya XT. Lile tundu la juu si urembo: chini yake kimelala kipozea hewa, kisanduku cha mapezi membamba ya alumini, na pembeni kuna turbo ambayo mhimili wake unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukiwa umeegemea utando mwembamba wa oili tu. Oili hiyo hufika kwa bomba dogo, na katika injini nyingi za turbo za Subaru za kipindi hicho, ndani ya bolti ya bomba hilo mna kichujio cha wavu kidogo kuliko ncha ya kidole. Oili ikiachwa mpaka ikawa tope, wavu huo unaziba, turbo inakosa oili, na vipande vyake vinaweza kuingia kwenye injini. Kwenye 2.0X hakuna turbo, kwa hiyo uzembe uleule hauna njia hiyo ya kukuangamiza.

Kwa hiyo XT inadai oili bora ya sinthetiki, ibadilishwe kila kilometa 5,000 bila kusogeza tarehe, na kipimo kiangaliwe mara kwa mara kwa sababu injini hizi huweza kunywa oili. Inadai petroli yenye oktani ya juu. Huko Japani iliwekewa mafuta ya daraja la juu wakati X iliwekewa ya kawaida. Mkanda wake wa taimingi unabadilishwa kwenye kilometa 100,000, wakati X za kuanzia mwishoni mwa 2010 zimehamia kwenye cheni. Baada ya kukimbia barabara kuu, usiizime injini ghafla. Endesha polepole dakika za mwisho kabla ya kuzima. Ukiona masharti haya ni mengi, chukua X na ulale usingizi. Mtu asiye na hela ya kuitunza XT hajapata gari la farasi 230, amepata 2.0X inayosubiri kuharibika.

Magurudumu manne, na uzito usiopaswa kuukataa

Toleo la 4WD la magari madogo, kama Vitz yenye msimbo wa NCP95, huongeza shafti ya kwenda nyuma na difu. Utaubeba uzito huo mwaka mzima kwa ajili ya siku za tope. Kama unaishi Lushoto ndani na mvua za masika zinakukuta njiani, ubebe bila kinyongo. Kama tope lako ni la mara mbili kwa mwaka, kumbuka kwamba gari dogo mara nyingi hukwama kwa sababu tumbo limekaa chini au tairi zimeisha kashata. Tairi nzuri zitakuvusha sehemu nyingi ambazo unadhani zinahitaji 4WD.

Uko uzito mmoja ambao hupaswi kuukataa: ule wa usalama. Matoleo ya chini kabisa wakati mwingine hukosa mikoba ya hewa ya pembeni, na mara nyingine vifaa vya kusaidia breki. Tazama maandishi ya SRS kwenye nguzo za milango na pembeni mwa viti, na taa ya ABS iwake ufunguo ukiwashwa kisha izime yenyewe. Kati ya gari la 1,000 lenye vifaa hivi na la 1,500 lisilo navyo, chukua la 1,000.

Jinsi ya kulijaribu kabla ya kulipa

Usiamini jina lililobandikwa nyuma. Nembo ya RS inauzwa dukani. Inua boneti utafute kibati cha chuma kwenye ukuta unaotenga injini na dashibodi. Kwa Vitz ya kizazi hicho, KSP90 ni ya cc 1,000, SCP90 ni ya 1,300, na NCP91 ni ya 1,500. Linganisha na kadi ya gari. Kama kibati kinasema kimoja na kadi inasema kingine, ondoka.

Kisha lijaribu likiwa na mzigo. Yadi watakupeleka wewe na muuzaji tu kwenye barabara tambarare, kiyoyozi kimezimwa, na hapo kila gari lina nguvu. Nenda na watu wawili au watatu wa familia yako, washa kiyoyozi, utafute mlima wa kweli. Simama katikati ya mlima, kisha ondoka. Sikiliza kama gia zinashuka upesi au zinasitasita, na tazama mshale au taa ya joto. Injini ya 1,000 ya silinda tatu hutetema kidogo ikiwa kwenye D na mguu kwenye breki. Hiyo ni asili yake. Ila dashibodi ikianza kugonga, raba zinazoshikilia injini zimechoka, na hiyo ni pointi ya kupunguziwa bei.

Mwisho, kaa chini uandike safari zako za mwezi uliopita: ngapi zilikuwa za peke yako mjini, ngapi za watu wanne na zaidi, ngapi zilipanda mlima mrefu. Kama karibu zote ni za mjini na unaishi pwani, chukua toleo dogo na tofauti ya bei iweke kwenye tairi mpya, oili na bima. Kama unaishi juu ya mita 1,500, au unasafiri mikoani na familia angalau mara moja kwa mwezi, panda hadi 1,300. Kama kazi yako yenyewe ni barabara kuu na milima, wiki baada ya wiki, toleo la 1,500 ni stahili yako, na usimruhusu mtu akuite mbadhirifu. Turbo iwe ya aliyeshapata fundi anayeijua na ametenga hela ya kuitunza kabla ya kuinunua.